Namna ya Kufunga Modemu za Baharini Usije Ukaporwa Amri

Kazi yangu ni kufunga vihisi vya joto la maji na mikondo, na wateja huniuliza habari za kuficha data kabla hata ya kuuliza betri itadumu muda gani. Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Mtu akiiba kipimo cha joto la maji ya Mafia, na aibe. Lakini akituma amri ya kufungua kamba ya nanga, mtambo wako unaibukia juu na kwenda na mkondo. Kwa hiyo linda amri kwanza, siri baadaye.

Maji ya chumvi hunyonya mawimbi ya redio haraka sana, ndiyo maana modemu zetu, vifaa vya kupitisha data na amri kati ya kihisi na mashua, huongea kwa sauti, inayokwenda mita 1,500 hivi kwa sekunde na kusambaa kila upande. Chukua JANUS, kiwango cha NATO cha mawasiliano ya chini ya maji, kilichotengenezwa kituo cha utafiti cha La Spezia, Italia, na kupitishwa mwaka 2017. Maelezo yake yako wazi kwa kila mtu, na masafa yake, kilohezi 9.4 hadi 13.6, mzamiaji huyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Pakiti yake ya msingi, yaani fungu la data linalotumwa, haina ulinzi wowote. Ukiutaka, uweke wewe.

Anza kwa kujichunguza. Shusha haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, kutoka mashua nyingine, rekodi mtandao wako ukifanya kazi, kisha jaribu kuisoma rekodi hiyo kwenye kompyuta. Utakachokisoma wewe, atakisoma na mwingine. Punguza nguvu ya kurusha mpaka pale ujumbe unapofika bila kusumbuka, na upime usiku pia: kamba wadogo wa miambani wanaoalisha makoleo yao hupiga kelele ya ajabu.

Sasa kila amri ipe muhuri, yaani namba inayokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe pamoja na ufunguo wa siri. Hapa wataalamu wa nchi kavu hukosea. Wamezoea muhuri wa baiti 16, ambao ni biti 128. JANUS husafirisha biti 80 hivi kwa sekunde, kwa hiyo muhuri peke yake unakula sekunde 1.6 za betri kila unapotuma. AES-CCM, njia ya usimbaji fiche (kuficha data) inayotia pia muhuri, inaruhusu muhuri wa baiti 4, nami hutumia huo bila wasiwasi. Una michanganyiko zaidi ya bilioni 4. Mjanja akijaribu mmoja kila sekunde, kuimaliza yote ni miaka 136. Kwa mara moja, uvivu wa bahari uko upande wetu.

Usiiagize modemu ijifunge baada ya mihuri mibovu kadhaa. Ukifanya hivyo, adui hahitaji kubahatisha tena: atatuma takataka tu, na wewe mwenyewe utabaki nje. Iandike jaribio hilo kwenye kumbukumbu na inyamaze. Isijibu hata kusema "hapana," kwa sababu kurusha sauti hula umeme mwingi kuliko kusikiliza, na kuna anayetaka tu kukumalizia betri.

Muhuri pekee haumzuii mtu kurekodi amri yako halali leo na kuirusha tena mwezi ujao. Weka namba inayopanda kwa kila amri, na modemu ikatae yoyote isiyozidi ya mwisho. Namba hiyo ihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Ikirudi sifuri siku ya kubadilisha betri, amri za zamani zinakubalika upya, na usimbaji fiche wako, ukiwa unaitumia namba hiyo, unarudia namba zilezile, jambo ambalo AES-CCM haivumilii kabisa.

Kila kifaa kiwe na ufunguo wake, uingizwe kwa waya mkiwa nchi kavu. Jarife likikinasa kimoja, umepoteza kimoja. Na tafadhali, namba ya kufungulia nanga isiandikwe kwa kalamu ya wino kwenye mfuniko. Nimeziona.

Anayepiga kelele makusudi kuziba mawasiliano huwezi kumzuia. Hakikisha tu data inaendelea kujiandika ndani ya kifaa.

Imebaki faragha ya wengine. Papa potwe wa Mafia wamewahi kuvishwa vitambulisho vya sauti kwa ajili ya utafiti, na vitambulisho vya aina hiyo kwa kawaida huita kwa kilohezi 69. Mwenye kipokezi kinachofaa anaweza kujua mnyama yupo. Mahali walipo pasitangazwe siku hiyohiyo. Haidrofoni nayo hunasa injini za boti: nani alitoka usiku, alielekea wapi. Kabla hujaishusha, nenda diko ukazungumze na wavuvi, waambie itarekodi nini na nani ataisikiliza, kisha weka tarehe ya kufuta sauti za boti usizozihitaji.