Kubadili pikapu na nyaya za besi ya bei nafuu: anza na jeki, pikapu ziwe za mwisho

Besi (magitaa ya sauti nzito) nyingi za bei nafuu zinazopigwa kwenye kwaya na bendi za Mwanza ni nakala za Jazz Bass ya Fender: pikapu mbili (vinasa sauti vya sumaku na koili vilivyo chini ya nyuzi), vifundo vitatu vya kuzungusha (voliumu mbili na toni), na bati la chuma linalobeba vifundo hivyo pamoja na jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo. Mbao huwa si mbaya, na shingo ikinyooshwa inapigika. Kinachoangusha ni kilichofichwa chini ya bati: poti ndogo (vipingamizi vinavyozungushwa na vifundo) zinazokwaruza, jeki laini inayolegea, nyaya nyembamba kama za redio ya mkononi, na tundu la mbao lisilo na kinga yoyote. Pikapu (si ile ya kubebea magunia ya dagaa) ndizo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi zimesingiziwa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa gharama: vitu vidogo kwanza, na pikapu ukiona bado zinahitajika.

Kabla hujanunua chochote, sikiliza mvumo

Chomeka besi, fungua voliumu zote mbili hadi mwisho, usipige uzi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na noti ya G kwenye freti (kipande cha chuma cha shingoni) ya 3 ya uzi wa E ni hezi 49. Ndiyo maana mvumo hujificha ndani ya wimbo wa G halafu ukajianika mara tu wimbo unaponyamaza. Sasa gusa nyuzi kwa kiganja.

Mvumo ukipungua, waya wa ethi wa daraja (chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili wa besi) ni mzima, ila kinga ya shaba haipo. Usipobadilika, waya huo umekatika au haugusi chuma cha daraja. Ukiongezeka, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyaya mbili za jeki zimegeuzwa. Funga voliumu zote: mvumo ukibaki vilevile, lawama ni ya kebo au amplifaya, na hakuna pikapu duniani itakayouondoa. Ukigeuka robo duara ukiwa umeshika gitaa na mvumo ukapanda na kushuka, hapo pikapu zenyewe zinanasa. Hiyo ni tabia ya koili moja. Precision Bass, aina nyingine ya besi ya Fender, iliikwepa mwaka 1957 kwa kugawa koili vipande viwili vinavyofutiana mvumo. Jazz hufutiana pale tu voliumu zote mbili zinapokuwa sawa, na pikapu zikiwa zimesukwa kwa kupishana.

Wanaopiga visiwani kwa umeme wa jua wakumbuke jambo moja: invata ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi hutia mkwaruzo unaopitia kwenye amplifaya. Jaribu besi kwenye umeme wa gridi kabla ya kuihukumu.

Pima, kisha pima tena

Vifaa vya gitaa vikiagizwa Dar vinasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi. Vikitoka nje ya nchi, subira ni ndefu zaidi. Kosa la milimita 3 litakugharimu wiki kadhaa.

Toa pikapu, pima urefu wa kasha bila masikio ya skrubu. Kwa Jazz ya kawaida ya nyuzi 4, ya shingoni ni takriban milimita 92 na ya darajani takriban 95. Nakala nyingine hutumia urefu mmoja pande zote mbili, kwa hiyo usiagize kwa kukisia. Pima pia kina cha tundu, na umbali kutoka katikati ya uzi wa E hadi katikati ya uzi wa G hapo hapo juu ya pikapu. Uzi ukipita nje ya sumaku zake husikika dhaifu kuliko wenzake.

Halafu poti. Shingo yenye nati kwenye poti ndogo za bei nafuu ina unene wa milimita 7 au 8. Poti kubwa za chapa ya CTS zina milimita 9.5, hivyo tundu la bati lipanuliwe hadi 10 kwa tupa ya mviringo. Pia vifundo vya zamani huenda visiingie: mhimili wa CTS una meno 24, wa poti ndogo nyingi una 18. Ukilazimisha kifundo cha plastiki, kinapasuka.

Vifaa

- Poti 3 zilizoandikwa A250K, yaani kiloomu 250. Herufi A ina maana sauti hupanda kwa mkunjo unaofuata sikio. B hupanda kwa mstari, na mkononi huhisi kama swichi.
- Kapasita 1 ya nanofaradi 47, iliyoandikwa 473, ya plastiki. Volti 50 au 100 zinatosha kabisa, kwani pikapu haitoi hata karibu na hapo. Usilipie ya volti 600.
- Jeki 1 ya mono ya milimita 6.35, aina ya wazi yenye ulimi mnene wa chuma. Switchcraft ni kipimo kizuri.
- Waya wa nyuzinyuzi, mita 1 na nusu, rangi mbili. Waya mgumu wa mtandao wa kompyuta hukatika ukikunjwa mara chache.
- Lehemu ya 60/40 yenye dawa ndani, unene wa milimita 0.8 hadi 1, mita 2.
- Karatasi ya shaba yenye gundi, upana wa sentimita 5, mita 1 na nusu.
- Ndala iliyokatika. Matumizi yake yanakuja.

Kapasita, lehemu na waya utavipata kwa mafundi redio wa mjini. Angalia poti. Fundi akikosa 250K atakupa 50K ya redio na kukuambia ni ileile. Si ileile: 50K hunywesha sauti ya juu ardhini muda wote, na besi inasikika kama imefunikwa blanketi hata ukifungua toni yote. Kama 250K imekosekana kabisa, 500K ni afadhali. Itang'aa zaidi, nawe utapunguza kwa toni.

Hatua ya 1: Fungua na upige picha

Legeza nyuzi hadi zilale, kisha zivute pembeni kwa tepu. Fungua skrubu za bati, ligeuze taratibu, piga picha tatu za karibu kwa simu. Andika kwenye kipande cha tepu waya upi unatoka pikapu ipi. Usitegemee rangi, kila kiwanda kina rangi zake.

Hatua ya 2: Kinga ya shaba

Futa vumbi, bandika shaba ndani ya matundu yote: la vifundo na yale mawili ya pikapu, chini na kuta zote. Kila kipande kilalie mwenzake kwa sentimita 1. Gundi ya baadhi ya karatasi haipitishi umeme, kwa hiyo tia tone la lehemu kwenye kila muungano, kisha pima kwa mita ya umeme (maltimita): pembe yoyote hadi pembe yoyote iwe chini ya omu 1. Matundu ya pikapu yaunganishwe na la vifundo kwa waya, na shaba yote ipate njia moja ya kwenda ethi.

Karatasi ya alumini ya jikoni inafanya kazi pia ukiipaka gundi, ila lehemu haishiki juu yake. Banilia waya kwa skrubu ndogo.

Palipo karibu na ulimi wa jeki, funika shaba kwa tepu ya umeme. Ukisahau, siku utakayochomeka kebo ulimi utasukumwa hadi ugonge shaba na besi itakaa kimya. Watu hufungua kila kitu wakitafuta pikapu mbovu, kumbe ni hapo tu.

Hatua ya 3: Waya wa daraja

Fungua skrubu za daraja, linyanyue. Chini utakuta waya mmoja uliomenywa ncha. Mara nyingi una kutu ya kijani, maana hewa ya ziwani haina huruma na shaba tupu. Kata ncha, menya upya sentimita 2, sugua kwa msasa chuma cha daraja kinapoukalia, rudisha. Pima kutoka uzi hadi mwisho wa pili wa waya: chini ya omu 1.

Hapa kuna onyo la uhai. Waya huu unaunganisha nyuzi na kasha la amplifaya. Amplifaya isiyo na ethi, au iliyochomekwa kwenye ekstensheni ya pini mbili, inaweza kuweka umeme kwenye nyuzi, na mpigaji anayeimba akagusa maikrofoni kwa mdomo akapigwa shoti. Wapo wanaoshauri ukate waya wa daraja. Usikate. Tengenezesha ethi ya soketi na ekstensheni, na amplifaya na mikisa zichukue umeme sehemu moja.

Hatua ya 4: Kulehemu poti

Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60 yenye ncha pana. Ile ya wati 25 inafaa redio, lakini mgongo wa poti hunyonya joto lake lote. Jioni umeme unaposhuka, hata pasi nzuri hupoa na lehemu hukaa kama punje ya uji: haing'ai na haijashika. Fanya kazi hii mchana.

Sugua mgongo wa poti kwa msasa hadi ung'ae. Weka ncha, hesabu hadi tatu, leta lehemu, ondoa. Ikizidi sekunde 6 bila kuyeyuka, acha poti ipoe uanze upya, la sivyo unaunguza kaboni iliyo ndani.

Sasa utambue miguu mitatu ya poti. Zungusha poti kinyume cha saa hadi mwisho. Pima mguu wa kati na kila mguu wa pembeni. Ule unaosoma karibu na sifuri ndio mguu wa ethi, wa upande wa pili ni mguu wa kutokea. Weka alama. Njia hii haikosei hata mchoro ukiwa umechorwa kichwa chini.

Kwa kila voliumu: mguu wa ethi ukunje uulehemu mgongoni kwa poti. Waya wa sauti wa pikapu uende mguu wa kati. Miguu ya kutokea ya voliumu zote mbili iunganishwe kwa waya mmoja, na waya huo uendelee hadi mguu wa kati wa toni na hadi ulimi wa jeki, ule unaogusa ncha ya plagi.

Ukigeuza, yaani pikapu kwenye mguu wa kutokea na jeki kwenye wa kati, besi italia vizuri mpaka ufunge voliumu moja, kisha yote inanyamaza. Ndilo kosa linaloongoza kwenye nakala za Jazz, na baadhi hutoka nalo kiwandani.

Toni: kapasita moja, mguu wake mmoja kwenye mguu wa ethi wa poti (huu usiukunje), mwingine mgongoni. Mguu wa tatu unabaki mtupu. Toni ikifanya kazi kinyume, umechagua mguu wa pembeni usio wake.

Mwisho unganisha migongo ya poti zote tatu kwa waya, hata kama bati la chuma linaziunganisha, maana nati hulegea. Kwenye mgongo mmojawapo leta waya wa daraja, wa shaba, wa kasha la jeki, na nyaya za ethi za pikapu.

Funga, kisha jaribu pikapu za zamani kwanza. Ukizisikia sasa, huenda ukaamua kubaki na pesa yako.

Hatua ya 5: Pikapu mpya

Zipime kabla ya kuziweka. Pikapu ya Jazz husoma kiloomu 7 hadi 8 hivi, na ya Precision karibu 10 au 11. Ikisoma wazi kabisa, koili imekatika, irudishe. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele: bisibisi ikiteleza mara moja, imekwisha.

Nunua seti, si moja moja. Pikapu za viwanda viwili zikipingana, kila moja peke yake italia vizuri, ila ukifungua zote besi inakonda na kina kinatoweka. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja, mradi waya wake wa ethi haujaungwa na kasha au bamba la chuma.

Chini ya kila pikapu weka vipande viwili vya ndala, unene wa sentimita 1 hivi. Hubana vizuri kuliko springi zilizochoka na havilii.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kufunga

Chomeka kebo, pima ncha ya plagi na kasha lake upande wa pili. Voliumu moja ikiwa wazi na nyingine imefungwa, usomaji uwe chini kidogo ya ule wa pikapu peke yake. Zote wazi, karibu nusu yake. Sifuri maana yake kuna mgusano, anza na ulimi wa jeki. Kisha gonga sumaku taratibu kwa bisibisi ukisikiliza amplifaya.

Urefu wa pikapu: bana uzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 3 chini ya E na 2.4 chini ya G, kisha rekebisha kwa sikio. Ukizisogeza karibu mno, sumaku huvuta uzi wa E na noti za juu kwenye shingo hutetemeka kama zimepotoka hata kama umetyuni.

Unapokaza nati ya jeki, ishike jeki yenyewe kwa ndani na vidole. Ikizunguka pamoja na nati hujinyonga kwenye nyaya zake hadi zikatike. Baada ya wiki mbili za mazoezi itakuwa imelegea kidogo. Fungua bati tena, ishike vilevile, kaza.