Nafasi tupu kwenye shaba: hesabu ya kwanza ya uzee wa metali

Metali huzeeka atomi zinapohama, na nyingi huhamia kwenye nafasi tupu za fuwele, yaani mahali palipokosa atomi. Kwa hiyo anza na nishati ya kuunda nafasi moja.

Katika LAMMPS (programu ya kuiga mienendo ya atomi), jenga shaba ya seli 10×10×10 (atomi 4000, upande wa seli Å 3.615), mipaka ya kujirudia, potensho ya EAM (fomula ya nishati kati ya atomi za metali). Punguza nishati hadi kani zikaribie sifuri, andika nishati yote, E₁. Futa atomi moja, rudia kwa ujazo uleule, andika E₂. Jibu ni E₂ − (3999/4000)E₁, karibu eV 1.3 (eV ni elektronivolti, kizio cha nishati).

Ukipata 4.8 hivi, umesahau kuzidisha kwa 3999/4000: kosa la kawaida mno, linaloingiza eV 3.54 za atomi iliyofutwa.

Usingoje uzee wenyewe kwenye mienendo ya molekuli, inayofuata mwendo wa kila atomi hatua kwa hatua. Kwa hatua za femtosekunde 1 (sekunde 10⁻¹⁵), miaka haifikiki. Tumia Monte Carlo ya kinetiki, inayoruka kwa bahati nasibu kutoka uhamaji mmoja wa atomi hadi mwingine, ukiipa kizuizi cha nishati cha kuhama, takriban eV 0.7.