Zima picha zinazofunguka zenyewe kwenye barua pepe

Mteja akiniletea simu hapa steshenari nimfungulie barua pepe, huwa naanza na mipangilio ya picha. Wengi huuliza, picha ina ubaya gani?

Picha nyingi za matangazo hazimo ndani ya barua yenyewe. Zimekaa kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni) ya aliyetuma, na programu yako huzifuata pale unapofungua. Ndipo seva inapoandika: barua ya fulani imefunguliwa saa 2:14 usiku, kwa anwani hii ya IP, yaani namba inayotambulisha mtandao unaoutumia. Nyingine zina ukubwa wa pikseli 1 kwa 1, yaani nukta moja tu, hazina rangi, huzioni hata ukodoe macho, na kiungo chake kimetengenezwa kwa ajili yako peke yako. Tapeli akishajua anwani yako ya barua pepe iko hai, atarudi tu.

Kwenye Gmail ya Android, gusa mistari mitatu juu kushoto, shuka hadi Mipangilio, chagua akaunti, gusa Picha, kisha chagua kuulizwa kabla ya picha za nje kuonyeshwa. Una akaunti mbili? Rudia kwa kila moja, maana hapa ndipo wengi husahau. Tangu 2013 Google hupitisha picha kwenye seva zake, hivyo IP yako hufichika, lakini mtumaji bado anaweza kujua umefungua.

Kwenye iPhone yenye mfumo wa iOS 15 na kuendelea, washa Protect Mail Activity katika mipangilio ya Mail, programu yake ya barua pepe. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, huzuia picha hizo yenyewe.

Tiketi ya basi ikija bila picha, ruhusu kwa barua hiyo moja tu.