Kutoa picha kwenye kamera hadi Linux, pale kompyuta inapoing'ang'ania kamera

Mpwa wangu alirudi Dodoma kutoka Kolo, Kondoa, alikokwenda kupiga picha michoro ya miambani, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kadi imejaa, na kompyuta yake ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, haitoi hata picha moja. "Anko, zimepotea?" Hazikupotea, ila zilitutoa jasho usiku kucha.

1. Fungua terminali, usakinishe gphoto2, programu ya kuvuta picha kutoka kwenye kamera: `sudo apt install gphoto2`

2. Chomeka waya wa USB, washa kamera, andika `gphoto2 --auto-detect`. Jina la kamera litatokea.

3. Iachishe kompyuta kamera. Hapa ndipo tulipokesha. Jina la kamera linaonekana vizuri, lakini ukianza kuvuta picha unaambiwa kifaa cha USB hakishikiki. Tulibadilisha waya, tukabadilisha tundu, tukawasha upya mara nne. Waya haukuwa na kosa. Ukichomeka kamera, GNOME, yaani mazingira ya madirisha ya Ubuntu, huidaka yenyewe ili ikuoneshe alama yake kwenye meneja wa faili, na kamera haishikwi na programu mbili kwa wakati mmoja. Funga meneja wa faili, kisha:

`gio mount -s gphoto2`

Ikigoma bado, ongeza:

`pkill -f gvfs-gphoto2-volume-monitor`

Halafu endelea hatua ya 4 papo hapo. Ukichomoa waya na kuurudisha, huenda ikadakwa tena, na unaanza upya. Jambo jingine: nenda kwenye menyu ya kamera uzime kule kujizima kwenyewe, na betri iwe imejaa. Kamera yetu ilisinzia katikati ya kazi, tukadhani ni ugonjwa uleule.

4. Tengeneza folda, ingia ndani yake, kisha `gphoto2 --get-all-files --skip-existing`. Ikikatika njiani, rudia amri hiyohiyo. Itaruka zilizokwisha kuingia.

5. Hesabu: `ls | wc -l`, ulinganishe na `gphoto2 --list-files`. Usiidharau hatua hii. Kamera ikianza namba upya, picha mbili tofauti huweza kuwa na jina moja katika folda mbili, na moja itarukwa.

Ukiwa na kisoma kadi, mimi nakushauri uachane na waya kabisa. Chomeka kadi, kisha:

`rsync -av /media/$USER/JINA_LA_KADI/DCIM/ ~/Picha/Kolo/`

Folda zinabaki kama zilivyo, majina hayagongani. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Kama kerneli yako (kiini cha Linux; itazame kwa `uname -r`) ni ya kabla ya 5.4, sakinisha kwanza `exfat-fuse`. Na tafadhali, nakili, usikate. Programu zinazouliza kama zifute picha kwenye kadi zikimaliza sizitumii kamwe.

Kabla ya kufuta kadi, fungua picha kadhaa uzikuze. Sisi tulikuza wale watu wembamba wekundu wa Kolo mpaka mikwaruzo ya jiwe ikaonekana. Ndipo mpwa wangu akairudisha kadi kwenye kamera na kuiformati humohumo.