Una milioni kadhaa, unazigawaje? UTT, hatifungani na hisa kwa mtu wa kawaida Bongo

Swali linaloulizwa kila siku ni "wapi wanalipa riba kubwa". Mi naona hilo ni swali la tatu au la nne huko. La kwanza ni hii hela utaihitaji lini. Chukua karatasi uandike tarehe: ada ya Januari, kodi ya nyumba, kumalizia boma, na ile ya uzeeni ambayo haina haraka. Kila shilingi iwe na tarehe yake, ukishafanya hivyo nusu ya maamuzi yameshajifanya yenyewe.

Tuseme una milioni 12. Tatu utazihitaji ndani ya mwaka, ama kwa ada ama kwa dharura, hizo usizipeleke mbali. Mfuko wa Ukwasi wa UTT (taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza pamoja) unatosha kabisa, unanunua vipande, yaani sehemu yako ya mfuko, vinapanda kidogo kidogo, siku ukitaka hela unaomba kuuza na inaingia benki baada ya siku chache za kazi. Fixed ya benki, ile hela unayoifungia kwa muda maalum, nayo sio mbaya ila kumbuka riba yake inakatwa kodi asilimia 10, na ukivunja kabla ya muda mara nyingi riba unaiacha hapohapo.

Sasa hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, hapa tukae kidogo maana ndipo watu wengi wanaingia kichwa kichwa. Benki Kuu (BoT) inauza kwa mnada, kuna za kuanzia miaka 2 mpaka 25. Unaanzia milioni moja. Nenda benki yako au kwa dalali wa soko la hisa, wanakufungulia akaunti ya CDS (inayotunza rekodi ya hatifungani au hisa zako), unajaza zabuni, basi. Kama hujui uweke bei gani waambie unataka ile isiyo ya ushindani, utapewa bei ya wastani ya mnada, usijifanye mjanja kushindana na mifuko ya pensheni. Kuponi, yaani riba yako, inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi 6.

Kitu ambacho hakielezwi vizuri kaunta ni kwamba kuponi haibadiliki lakini bei ya karatasi yenyewe, yaani hatifungani ukitaka kumuuzia mtu mwingine, inabadilika. Angalia hili. Mwaka 2021 ya miaka 25 ilitoka na kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Aprili 2022 BoT wakashusha, mpya za wakati huo zikawa 12.56. Mwenye milioni 10 za zamani anaingiza 1,595,000 kwa mwaka, mwenye milioni 10 za mpya anaingiza 1,256,000, tofauti 339,000 kila mwaka na bado miaka ishirini na ushee mbele. Kwa hiyo akitaka kuuza ile ya zamani hawezi kukuuzia 100 kwa 100, mnunuzi anayeridhika na 12.56 anaweza kulipa mpaka kama 125 kwa kila 100 na hesabu yake bado ikakaa sawa. Raha sana kwa aliyewahi! Ila geuza upande wa pili, riba sokoni zikipanda, ya kwako yenye kuponi ndogo itashuka bei, na kadiri miaka iliyobaki ilivyo mingi ndivyo inavyoshuka zaidi. Ukisubiri mpaka iive, yaani muda wake uishe, unalipwa 100 zako kamili. Anayeumia ni yule aliyeweka hela ya kiwanja cha mwakani kwenye karatasi ya miaka 25 halafu anatafuta mnunuzi mbio mbio.

Ndo maana kwenye ile milioni 12, mi ningeweka 6 kwenye hatifungani lakini sio zote ndefu, labda 2 za miaka 5, 2 za miaka 10, zilizobaki ndo za 20 au 25.

Tatu zilizobaki, hisa kwenye soko la Dar es Salaam (DSE). Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa asilimia 5 tu, sio mbaya, lakini hisa ni za hela ambayo hutaigusa miaka mitano sita hivi. Vodacom waliuza 850 kwa hisa mwaka 2017, watu wengi wakanunua, na baadaye bei ikaja kukaa chini ya hapo kwa muda mrefu tu. Shida nyingine ya soko letu ni wanunuzi wachache, kuna kampuni unaweka oda ya kuuza hisa zake inalala wiki nzima. Kwa hiyo nunua kampuni mbili tatu za sekta tofauti, sio benki tatu halafu unasema umetawanya.

Mara moja kwa mwaka piga hesabu upya. Hisa zikitoka 3 zikawa 5, potifolio nzima, yaani jumla ya ulivyowekeza, imekuwa 14 na hisa sasa ni kama asilimia 36 badala ya 25 uliyopanga. Huna haja ya kuuza ulipe makato ya dalali, wewe kuponi na hela mpya zielekeze kwingine mpaka uwiano urudi. Na namba ya CDS, ya UTT, jina la dalali, andika mahali mwenza wako anapajua, mrithi jaza mapema kabisa, kufuatilia mirathi ya hisa bila karatasi ni miezi na miezi ya kuzungushwa.