Somo: Kuunda trasti ya kumiliki silaha za NFA nchini Marekani

Somo hili ni kwa ndugu mnaoishi Marekani kihalali, kwenye majimbo yanayoruhusu silaha hizi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, National Firearms Act (NFA), haihusu bastola ya kawaida wala bunduki ya kuwindia. Inahusu sailensa (kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki), raifoli yenye mtutu chini ya inchi 16, shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18, bunduki za rashasha na mabomu.

Silaha ya aina hiyo ikisajiliwa kwa jina lako peke yako, mkeo haruhusiwi kubaki nayo wakati wewe haupo. Akiwa na namba za sefu tu, mnaweza kushtakiwa, na kifungo chake kinafika miaka 10. Ukiwa na trasti, yaani mpango wa kisheria wa kumiliki mali kwa waraka, silaha ni mali ya trasti, na kila mdhamini (msimamizi wa trasti) aliyetajwa anaweza kuishika. Ukifariki, familia haisubiri mahakama ya mirathi kujua nani aichukue. Faida yake ni hiyo. Wapo wanaodhani trasti ni njia ya kukwepa kuchunguzwa. Mlango huo ulifungwa tarehe 13 Julai 2016, na sasa kila mdhamini anachunguzwa.

Hatua ya 1: Wadhamini. Hapa tulia, maana hapa ndipo familia zinapoharibikiwa. Undugu hautoshi. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kosa liwe dogo, sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha yoyote. Anayevuta bangi pia, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Muulize kila mmoja ana kwa ana kabla ya kuandika jina lake, na asipojibu waziwazi, mwache. Wawili au watatu wanatosha, kwa sababu kila mdhamini ni karatasi zaidi kwenye kila ombi.

Hatua ya 2: Waraka. Tafuta wakili wa jimbo lako. Waraka utaje muasisi (anayeunda trasti), wadhamini, atakayeshika nafasi yako ukifariki, wanufaika (watakaorithi), na namna ya kumwondoa mdhamini. Kipengele hicho cha mwisho watu hukisahau, halafu ndoa inavunjika. Chagua jina fupi: ukijitengenezea raifoli fupi, jina la trasti litachongwa kwenye chuma, pamoja na mji na jimbo. Kisha tieni sahihi mbele ya notari.

Hatua ya 3: Maombi. Kununua ni Fomu 4, kutengeneza ni Fomu 1, na zote zinapelekwa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Kila mdhamini anajaza Fomu 5320.23, anatoa alama za vidole na picha ndogo, na nakala inakwenda kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lake. Huyo anaarifiwa tu, haombwi ridhaa.

Hatua ya 4: Kodi. Ilikuwa dola 200 tangu 1934. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ni sifuri kwa sailensa na bunduki fupi. Rashasha na mabomu bado ni dola 200. Usajili haujafutwa.

Hatua ya 5: Kusubiri. Silaha inabaki kwa muuzaji mpaka kibali kitoke. Wa Fomu 1, usikate mtutu kabla ya kibali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Nimweke mdhamini?*

Marahaba. Usimweke. Wenye viza za muda wamekatazwa, isipokuwa wachache, kama wenye leseni halali ya uwindaji, na hilo ni la kumuuliza wakili. Mwenye green card anaruhusiwa.

*Kaka, niko Illinois. Trasti itanisaidia kupata sailensa?*

Haitakusaidia. Illinois imeipiga marufuku, kama California, New York na New Jersey. Trasti haiwezi kuvuka sheria ya jimbo.

*Watoto wangu ni wadogo. Nao watatoa alama za vidole?*

Hapana dada, wao ni wanufaika tu. Siku mkiwa hamupo, mdhamini atakayebaki ataomba kwa Fomu 5, bila kodi, silaha ihamie kwa mtoto atakapokuwa na umri unaokubalika.

*Nikimwongeza mke wangu baada ya kibali, naanza upya?*

Hapana. Rekebisheni waraka mbele ya notari. Alama zake zitatakiwa kwenye ombi linalofuata. Lakini awe mtu anayeruhusiwa kushika silaha tangu siku anayoingia.

*Nahama Texas kwenda Tennessee na raifoli fupi. Nipakie tu?*

Bado, ndugu. Omba kibali cha ATF kwa Fomu 5320.20 kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo. Sailensa haihitaji fomu hiyo. Safiri na nakala ya kibali cha usajili pamoja na ukurasa wa trasti unaoonyesha jina lako.