Kurekebisha kimo cha pedali ya breki ya nyuma

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa nikishuka kwa pikipiki kutoka Riat kuelekea Mamboleo, Kisumu, nimevaa gambuti, nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Mwendesha boda aliyekuwa nyuma yangu alinifikia na kuniambia kwamba taa yangu ya breki haikuwa imezima tangu Kiboswa. Soli nene ya gambuti ilikuwa imelalia pedali mteremko mzima bila mimi kuhisi, na dramu ya nyuma, ile sehemu ya duara katikati ya gurudumu ambamo breki hushikia, ilikuwa moto kiasi cha kutogusika.

Kosa nililokuwa nimelifanya ni la wengi: nilidhani nati iliyo nyuma, kwenye ncha ya rodi ya breki (chuma kirefu kinachounganisha pedali na breki ya nyuma), ndiyo inayoamua kimo cha pedali. Nati hiyo hurekebisha mchezo, yaani umbali ambao pedali hushuka kabla breki haijaanza kushika. Kimo huamuliwa na bolti ndogo ya kuzuilia, yenye nati yake ya kukazia, ambayo kwa kawaida huwa karibu na mhimili wa pedali. Ukiikaza ya nyuma ukitumaini kuinua pedali, utaishia kuikwaruza breki siku nzima.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali tambarare, ukae juu yake ukiwa na viatu unavyovaa kazini, wala si kandambili za nyumbani. Weka mguu kwenye futiresti kama unavyouweka safarini. Soli inapaswa kuelea juu kidogo ya pedali bila kuigusa, na kifundo cha mguu kisilazimike kukunjwa kwenda juu. Anayevaa gambuti miezi ya mvua atahitaji pedali iliyo chini kidogo kuliko mwenye raba.

Ikiwa unaishusha pedali, legeza kwanza nati ya nyuma mizunguko kadhaa, kwa sababu pedali ikishuka huvuta rodi na kuumaliza mchezo wote. Sasa legeza nati ya kukazia kwenye bolti ya kuzuilia, zungusha bolti nusu mzunguko, tazama pedali imeelekea wapi, kisha endelea kidogo kidogo. Ukiridhika, ishike bolti kwa spana moja huku ukikaza nati kwa nyingine, la sivyo vitazunguka pamoja na kazi yako itapotea. Zipo pikipiki zisizo na bolti hiyo. Hapo usikubali fundi aipashe pedali moto na kuipinda, kwani chuma kilichopindwa hivyo kinaweza kukatika siku unapokihitaji zaidi.

Baada ya kimo, rudi kwenye mchezo. Pikipiki nyingi za breki ya dramu hutaka milimita 20 hadi 30 zikipimwa kwenye ncha ya pedali, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Utagundua kwamba nati ya nyuma ina kibonde kinachokaa juu ya pini ya mkono wa breki, yaani kile kipande kwenye dramu kinachovutwa na rodi. Hakikisha kimekaa sawasawa, kwani kikiwa kimepanda ukingoni kitajiketisha barabarani na mchezo utaongezeka. Zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza.

Kwa breki ya diski, kimo hurekebishwa kwenye rodi fupi inayosukuma pistoni ya silinda kuu (inayosukuma mafuta ya breki), na ni lazima ibaki nafasi ndogo kati ya rodi na pistoni. Pistoni isiporudi yote, mafuta ya breki yakipata joto yatalifunga gurudumu.

Taa ya breki hufuata. Shikilia mwili wa swichi usizunguke, maana nyaya zitakatika, kisha zungusha nati yake mpaka taa iwake muda mfupi tu kabla breki haijashika, na izime pedali ikiachiwa.

Ijaribu polepole kwenye barabara tulivu kabla ya kuingia msongamano wa Kondele, kisha usimame baada ya kilomita moja au mbili na kukaribisha kiganja kwenye dramu bila kuigusa, uhisi kama imepata moto. Na kila utakapokaza cheni, pima mchezo upya, kwa kuwa gurudumu likisogezwa nyuma huvuta rodi pamoja nalo.